Ruhusa ya Saa Nne na Dakika Arobaini na Mbili

Mara ya mwisho ulimshukuru lini mtu kwa ajali ambayo haikutokea?

Hujawahi. Na wala si wewe peke yako. Daktari aliyetushona tunamkumbuka kwa jina, na dereva aliyetupindua tunamtaja mpaka kwa wajukuu. Lakini mtu anayekaa kwenye kiti kimoja miaka ishirini na moja ili ndege mbili zisikutane hewani, huyo hatumjui hata kwa sura. Akija sokoni tunamfungia dagaa wenye mchanga kama tunavyomfungia mtu mwingine yeyote.

Keraryo alikuwa mtu wa namna hiyo. Alikaa mtaa wa Mukendo, nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki, na kila asubuhi alitembea kwa miguu hadi uwanja mdogo wa ndege akiwa na chupa ya chai kwenye mfuko wa plastiki. Majirani walijua tu kwamba anafanya kazi "kule kwa ndege". Wengine walidhani ni mlinzi. Mama mmoja aliyekuwa akimuuzia maandazi njiani alimuuliza siku moja, "Baba, hivi siku ndege zisipokuja nyie mnafanyaga nini?"

"Tunangoja," Keraryo alimjibu.

"Na zikija?"

"Tunangoja ziondoke."

Mama yule alicheka hadi akaongeza andazi moja. Keraryo hakucheka. Hakuwa amesema utani.

Kazi yake ilikuwa hivi. Rubani anayetaka kuruka humletea karatasi ya mpango wa safari: anakwenda wapi, kwa urefu gani, ana mafuta ya saa ngapi, watu wangapi. Keraryo huipitia, kisha hupiga simu Mwanza, maana ruhusa yenyewe hutoka kule. Mwanza wakishaitoa, yeye huiandika kwenye karatasi ndogo, huisoma redioni neno kwa neno, na rubani huirudia neno kwa neno. Ikifanana na iliyoandikwa, Keraryo huweka alama ya vema pembeni. Alama ile ndiyo kazi yote. Ukiiweka bila kusikiliza, ni afadhali ungebaki nyumbani ukalala.

Na alikuwa hajawahi kuiweka bila kusikiliza, mpaka baada ya mvua za mwezi wa tatu mwaka huo.

Mvua zile ndizo zilizomchukua mkewe, Miriamu. Figo zilikuwa zimegoma, ikatakiwa asafirishwe haraka kwenda Mwanza, na ndege ya wagonjwa ikaja kumchukua. Gari la wagonjwa lilisimama nje ya uzio, Miriamu akiwa ndani na dripu mkononi. Wingu lilikuwa limekaa juu ya mji kama sufuria lililofunikwa. Siku hizo uwanja ule haukuwa na ramani ya kushukia ndani ya wingu, kwa hiyo rubani alitakiwa aione njia ya kurukia kwa macho yake mwenyewe. Akauliza redioni, wingu liko futi ngapi?

Keraryo alitoka nje, akatazama, akarudi. Alikuwa peke yake zamu ile. Angeweza kusema elfu moja.

"Futi mia nne," alisema.

Ndege ilijaribu mara mbili. Waliisikia ikinguruma juu yao, lakini hawakuiona. Mara ya pili rubani aliomba ruhusa ya kurudi, na Keraryo akampa kwa sauti yake ileile ya kila siku: geuka kushoto, panda futi elfu sita, rudi Mwanza. Rubani akarudia. Keraryo akaweka alama ya vema. Miriamu alifia barabarani, karibu na Bunda, ndani ya gari, na wakamzika Butiama kwenye boma la kina Keraryo, hatua chache kutoka kwenye zizi.

Msibani hakulia. Watu walisema ni mwanamume. Haukuwa uanaume. Ilikuwa ganzi, kama ile ya mguu uliokaliwa vibaya: unaugusa na kuona kwamba ni wako, lakini hauna habari nawe. Alirudi kazini siku ya nne. Alikunywa chai ikiwa ya moto mno, alikula ugali bila kujua umepoa. Alisoma ruhusa, akaweka alama. Miezi ikapita. Ramani mpya ya kushukia kwa setilaiti ikaletwa kwenye uwanja ule, karatasi moja yenye mistari na namba, ili siku nyingine wingu likikaa mia nne mtu aweze kushuka. Keraryo aliipokea, akaibandika ukutani kwa gundi, akarudi kukaa.

Sasa ramani bila rubani anayejua kuitumia ni pambo la ukuta. Na rubani hajifunzi ndani ya wingu. Ndani ya wingu hakuna kujifunza, ni kujua au kufa. Anajifunza siku ya jua kali, anga likiwa jeupe. Anavalishwa kofia yenye kingo pana zinazomzuia kuona nje, akabaki na vyombo vilivyo mbele yake tu. Mwalimu hukaa pembeni, macho nje, ili wasigonge kitu. Ndiyo kusema ni upofu wa hiari chini ya jua. Ukiwaona watu wa namna hiyo wakizunguka juu ya mji siku nzuri, usiseme wanachoma mafuta bure.

Ghati alikuja siku ya Alhamisi, mwezi wa tisa, pamoja na mwalimu wake, Robert. Walitua saa tatu wakitokea Mwanza, kwenye ndege ndogo ya viti vinne. Ghati alikuwa binti wa miaka ishirini na minne, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza kidogo. Mtihani wake wa kuruka kwa vyombo ulikuwa Jumanne inayofuata. Mtahini alikuwa anatoka mbali na huja mara moja kwa mwaka.

Aliingia ofisini akapiga goti kidogo mlangoni, kofia ya mazoezi ikiwa kwapani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Nyamburi hajambo?"

"Hajambo. Amesema nikuambie pamba mwaka huu imemdharau."

"Pamba inamdharauga kila mwaka. Na bado anailima."

Robert, ambaye kwao ni mbali na mkoa wa Mara, aliwatazama kwa zamu. "Kumbe mzee ni baba yako?"

"Ni baba yangu," Ghati alisema, akaona imetosha.

Haikuwa imetosha, kama ilivyokuja kuonekana. Nyamburi, baba mzazi wa Ghati, ni mkulima wa pamba na mfugaji wa Mugeta. Yeye na Keraryo walitiwa jandoni msimu mmoja, wakawa rika moja. Kwa watu wao, rika si urafiki. Mtoto wa mwenzako wa rika ni mtoto wako, unaweza kumchapa na kumposea. Naye hakuiti kwa jina, hakai kwenye kiti ulichotoka, na hata siku moja hakwambii mbele za watu kwamba umekosea. Ukikosea, ananyamaza, anakwenda kumwambia mama mmoja wa ukoo, na mama yule anakuja kukuambia jioni kwa mzunguko, kana kwamba anasimulia habari za mtu mwingine. Ni adabu nzuri sana. Imelea watu wengi. Lakini haikutungwa na watu wanaokwenda maili mbili kwa dakika.

Ghati alijaza mpango wake. Keraryo akausoma kwa kidole. Kwenye sehemu ya maelezo mengine Ghati alikuwa ameandika kwamba ni zoezi la kushuka kwa vyombo katika hali ya kuona, yaani nje ya wingu, mara mbili. Mara ya kwanza hatatua, atapaa tena na kugeukia mkono wa kulia juu ya ghuba ya ziwa. Mara ya pili atatua.

"Umeandika vizuri," Keraryo alisema. "Wenzako wanaandikaga 'mazoezi' basi, halafu wakishafika hewani ndiyo wanaanza kunieleza maisha yao."

"Mwalimu ndiye kasisitiza."

"Asisitize tu," Robert alidakia. "Siku ya jua ruhusa ya kushuka si ruhusa ya kupaa tena kwa kufuata ramani. Usipoomba hiyo ya pili, huna. Na ukipewa, uijue ni ya upande gani."

"Upande wa kulia," alisema Ghati.

"Na kwa nini si kushoto?"

"Kushoto ndiko zinakojia za Mwanza, zinafuata pwani ya Majita."

"Mzee, umesikia? Jumanne huyu anafaulu, nami napumzika."

Keraryo alipiga simu Mwanza. Walimpa ruhusa kama ilivyoombwa, wakamwambia kuna ndege ya kukodi yenye abiria kumi na wawili itakayofika karibu na saa tano kasorobo kwa kufuata pwani ya Majita. Aliandika yote. Mkono wa kulia, futi elfu sita. Aliandika kwa herufi kubwa kama kawaida yake.

Waliruka. Ndege ilikwenda ikazunguka upande wa Bunda, ikapanda, ikaelekea kwenye nukta ya kuanzia kushuka, ambayo haionekani kwa macho, iko hewani tu juu ya vilima vya Butiama. Keraryo aliijua nukta ile kwenye ramani ya ukutani. Iko karibu na boma lao. Rubani anayeianza anapita, kwa kukadiria, juu ya zizi.

Saa nne na dakika arobaini na mbili sauti ya kukwaruza ilisema iko juu ya Butiama, inaomba ruhusa ya zoezi.

Maneno ya redioni ni ya Kiingereza, kama ilivyo angani kote. Maana yake ilikuwa hii. Keraryo alibonyeza kitufe akasoma: una ruhusa ya zoezi la kushuka, baki katika hali ya kuona, ukipaa tena geuka kushoto, panda futi elfu sita.

Redio ilinyamaza. Ukimya wa sekunde tatu, labda nne. Ukimya mrefu kwa redio.

Kisha Ghati akarudia: ruhusa ya zoezi, nabaki katika hali ya kuona, nikipaa tena nageuka kushoto, napanda futi elfu sita.

Keraryo akaweka alama ya vema kando ya neno KULIA.

Alitoka nje na kikombe chake, akasimama kwenye kivuli cha ukuta. Mbuzi wawili waliokuwa kando ya njia walikwisha kufukuzwa na mlinzi. Ndege ilionekana, nukta nyeupe, ikawa mabawa, ikaja chini ikiwa imenyooka. Ilishuka vizuri mno kwa mtu asiyeona. Ilipita juu ya njia ya kurukia bila kugusa, injini ikaongeza sauti, ikaanza kupanda. Kisha ikalala kushoto.

Aliona ile nyingine wakati huohuo, kubwa zaidi, ikija chini kutoka Majita, taa zake zikiwaka mchana. Kati yao hapakuwa na kitu. Alitazama. Baadaye, walipomuuliza, alisema kweli: hakuogopa. Alitazama kama mtu anayetazama mafundi wakipaka rangi nyumba ya jirani. Kikombe hakikumdondoka.

Ndege ndogo iliinama ghafla upande wa kulia, ikashuka kama iliyokatwa kamba, ikapita chini ya ile kubwa, ikatoka upande wa ghuba.

Ile ya kukodi ilitua dakika tatu baadaye. Abiria kumi na wawili waliteremka. Wawili walipiga picha na ndege, mmoja akauliza choo kiko wapi. Walipanda magari yao wakaenda zao. Hakuna aliyemshukuru mtu.

Ndege ndogo nayo ilipotua, Robert aliingia ofisini akiwa na jasho shingoni, Ghati nyuma yake.

"Kushoto!" alikuwa anasema. "Binti, kushoto! Nimeona rangi ya tai ya rubani mwenzangu! Mimi tangu Butiama niko kwenye redio ya pili, siwasikii ninyi, nawauliza Mwanza ile ndege iko wapi, wananiambia iko Majita, nageuka kutazama, na wewe unanipeleka huko huko! Nani alikuambia kushoto?"

Ghati alikuwa anatazama sakafu.

"Nakuuliza. Nani?"

"Nimekosea, mwalimu."

"Mzee, nionyeshe ulichompa."

Keraryo alimpa karatasi. KULIA, herufi kubwa, na alama ya vema pembeni. Uwanja ule hauna kinasa sauti. Karatasi ndiyo shahidi. Ile ndege nyingine ilikuwa bado inazungumza na Mwanza, haikuwa imehamia kwenye masafa yao. Robert aliipiga picha karatasi kwa simu yake.

"Samahani, Ghati," alisema, sasa kwa sauti ya chini, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Hili siwezi kulifunika. Umepewa kulia, ukarudia kulia, ukaenda kushoto. Nikikupeleka Jumanne nitakuwa namdanganya mtahini. Utasubiri mwaka ujao." Akatoka kwenda kuikagua ndege.

Ghati alibaki. Aliweka vitu vyake mezani ili avipange kwenye begi: kofia, kalamu, na ubao mdogo wa kuandikia ambao marubani huufunga pajani. Karatasi ya ubao ilikuwa imetazama juu. Keraryo aliisoma bila kukusudia, kama alivyozoea kusoma kila karatasi iliyokuwa juu ya meza ile.

Ghati alikuwa ameandika KULIA, kabla ya kuruka. Neno lilikuwa limekatwa mstari mmoja. Juu yake: KUSHOTO, na saa. Nne na arobaini na mbili.

"Hii uliandika lini?"

Ghati aliufunika ubao kwa kiganja. "Baba, mimi ndiye nimekosea."

"Nimekuuliza uliandika lini."

"Uliponisomea."

"Nilisema kushoto."

Kiganja kilibaki juu ya ubao.

"Na ulijua siyo."

"Nilijua."

"Ukanyamaza sekunde nne."

"Nilikuwa natafuta namna, Baba." Sauti yake ilikwaruza. "Sikuipata. Ningesemaje? Redioni, mbele za watu, niseme Baba umekosea? Nikafikiri labda kuna sababu. Labda Mwanza wamebadilisha. Baba hawezi kusema kitu bure."

Keraryo alikaa. Alijaribu kuisikia sauti yake ya saa nne na arobaini na mbili akashindwa. Iliyomjia ni ile ya mwezi wa tatu. Geuka kushoto, panda futi elfu sita. Maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule. Ulimi ulikuwa umeyatoa yenyewe, na mwenye ulimi hakuwepo.

"Usimwambie mwalimu," alisema Ghati. "Tafadhali. Mimi nina mwaka ujao. Wewe umebakiza miaka miwili ustaafu. Wakisikia watakutoa, na hata hayo mafao watakuzungusha. Baba Nyamburi akijua nimekufanya utolewe kazini, nitaingia nyumbani kwa mlango upi?"

"Ng'ombe waliokusomesha ni wangapi?"

"Baba, hayo ya nini?"

"Na huyo mtahini mwaka ujao asipokuja?"

Ghati alifunga begi.

Utafikiri Keraryo alipambana na nafsi yake. Natamani ningeandika hivyo. Tungekuwa na haki ya kumwita shujaa. Lakini ndani yake hapakuwa na vita, palikuwa na ganzi ileile. Kitu kimoja tu ndicho kilichobaki kikifanya kazi humo ndani, kama saa ya ukutani kwenye nyumba iliyohamwa. Huwa anasoma kilichopo. Alisoma futi mia nne mkewe akiwa nje ya uzio. Kama hakulidanganya wingu kwa ajili ya Miriamu, hakuona angeanzaje kuidanganya karatasi kwa ajili ya mafao.

Aliinua simu. Mkuu wao wa kanda, Agness, alipokea kutoka Mwanza.

"Sema, mzee wangu."

"Nina taarifa ya tukio. Saa nne na dakika arobaini na mbili nilitoa ruhusa ya zoezi la kushuka kwa vyombo. Ruhusa iliyoandikwa, ukipaa tena kulia. Ruhusa niliyosoma, kushoto. Rubani alirudia kushoto. Sikusahihisha. Nikaweka alama."

"Ngoja, ngoja. Polepole. Kuna kilichogongana?"

"Hakuna."

"Kuna aliyekulalamikia wewe?"

"Hakuna. Mwalimu anamlaumu binti."

"Karatasi yako inasemaje?"

"Inasema kulia."

Agness alipumua. Walikuwa wamefahamiana miaka kumi na miwili. "Mzee Keraryo. Karatasi inasema kulia. Kinasa sauti huna. Sasa mimi nikuandikie nini?"

"Andika kwamba nilisema kushoto."

"Kwa nini unanifanyia hivi?"

"Sikufanyii wewe. Ndivyo nilivyosema."

"Unajua itabidi nikutoe mezani mpaka uchunguzi uishe."

"Najua."

"Na unajua uchunguzi wenyewe unavyokwendaga. Kesho asubuhi Mzee Kwangu atakuja kushika zamu, yuko likizo shambani kwake Bunda. Umkabidhi funguo." Akashusha sauti. "Pole na Miriamu, mzee wangu. Sidhani kama niliwahi kukuambia vizuri."

"Ulinitumia ujumbe."

"Ujumbe," alisema Agness, akakata simu.

Robert alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia kutoka kwenye "ruhusa niliyosoma". Alimtazama mzee, akamtazama Ghati, akavua miwani yake ya jua.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua, mwalimu."

"Ukaona bora tufe kuliko kumuuliza?"

"Ni baba yangu."

"Kule juu hakuna baba!" Robert alipiga mlango kwa kiganja. "Kule juu kuna sauti, na sauti inakosea! Mzee amekosea mara moja. Wewe umekosea mara mbili: umesikia, ukanyamaza. Sasa nikuandike nini mimi?"

"Mwalimu," Keraryo alisema, "mpe kesho."

"Kesho nini?"

"Zoezi lilelile. La leo liligeuzwa na mimi, kwa hiyo halijafanyika."

Robert alivaa tena miwani yake. "Sawa. Tunalala hapa. Lakini sikiliza, binti. Nikisikia unameza ruhusa bila kuiuliza, awe anaisoma askofu au babu yako aliyekufa, Jumanne huendi."

Ghati aliitikia kwa kichwa. Alimgeukia Keraryo, akapiga goti kidogo, akatoka.

Keraryo alimalizia zamu yake. Hakukuwa na ndege nyingine.

Asubuhi ya Ijumaa ilikuwa ya jua kuliko jana yake. Mzee Kwangu alifika kwa gari la alfajiri kutoka Bunda, viatu vikiwa bado na udongo wa shamba. Alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu, mtu mnene mwenye sauti ya kuamsha zizi, na aliyejulikana kwa kutopenda kuulizwa. Rika lake lilitangulia la Keraryo na Nyamburi.

"Keraryo, umenitoa kwenye mihogo yangu."

"Nisamehe, mkubwa wangu."

"Funguo. Kalamu acha, yangu haiandiki. Na ukae nje, kisheria hupaswi kuwa humu."

Keraryo alitoka na sweta lake na chupa ya chai, akakaa kwenye benchi chini ya dirisha. Dirisha lilikuwa wazi, redio ilisikika. Ndege ndogo ilikuwa imesharuka. Alimimina chai akaishika.

Sauti ya kukwaruza ilisema iko juu ya Butiama.

Mzee Kwangu alisoma ruhusa kama mtu anayehesabu magunia: ruhusa ya zoezi, baki katika hali ya kuona, futi elfu sita. Akamaliza. Upande hakutaja kabisa.

Ukimya. Keraryo alihesabu bila kutaka. Moja. Mbili.

"Nikipaa tena, nigeukie upande gani?" aliuliza Ghati.

"Kama ulivyoandika kwenye mpango wako," alinguruma Kwangu.

"Naomba unisomee."

"Binti, nimekwisha kusema. Rudia ruhusa."

Moja. Mbili. Tatu. Mlinzi alisimama na fimbo yake, akatazama dirishani.

"Sirudii," ilisema sauti. Kitufe hakikuachiwa. "Haijakamilika. Nasubiri juu ya Butiama mpaka niisikie yote. Upande, na urefu."

Ndani, kiti cha Kwangu kililia. Karatasi iligeuzwa. Kisha sauti nzito ikasema, polepole, kila neno peke yake: ukipaa tena, geuka kulia, juu ya ghuba, panda futi elfu sita.

Ghati alirudia yote. Kalamu ilikwaruza mara moja kwenye karatasi.

"Mtoto wa nani huyu?" Kwangu aliuliza kupitia dirishani.

"Wangu," alisema Keraryo.

Ndege ilishuka kutoka upande wa Butiama ikiwa imenyooka, ikapita juu ya njia ya kurukia bila kugusa, ikaunguruma, ikapanda, ikalala kulia. Kivuli chake kilikata uzio, kikapita juu ya mbuzi, kikaingia majini. Keraryo alitazama saa yake kwa mazoea. Saa tatu na dakika kumi na nne. Akapapasa mfukoni kutafuta kalamu, akakumbuka ameiacha mezani.